Ubunifu Uliopimwa kwa Rula ya Wakubwa

Juni 1963, wataalamu wa takwimu kutoka nchi tajiri walikutana Villa Falconieri, jumba la kale mjini Frascati, karibu na Rome. Walitaka kukubaliana namna ya kuhesabu gharama za utafiti wa kisayansi, maana kila nchi ilikuwa ikihesabu ijuavyo. Rasimu iliandaliwa na mchumi wa Uingereza, Chris Freeman, na mwongozo uliozaliwa hapo ukaitwa kwa jina la mji huo. Ulihesabu fedha zilizotengwa kwa utafiti na watu walioajiriwa kuufanya. Marekani na Uingereza, zenye maabara kubwa, zilionekana vizuri. Karakana ya watu wanane isiyo na idara ya utafiti iliandikiwa sifuri, hata kama ilibadilisha bidhaa zake kila mwaka.

Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 1992, ukatoka Mwongozo wa Oslo. Huu ulimwendea mwenye kampuni na kumuuliza: umeleta bidhaa mpya, au njia mpya ya kuzalisha? Si lazima iwe mpya duniani. Ikiwa mpya kwako, inahesabiwa. Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa wadogo. Ila ulifunguka nusu. Toleo la kwanza lilijali viwanda. Huduma ziliingia mwaka 1997. Masoko na mpangilio wa kazi vilisubiri hadi 2005, pamoja na kiambatisho kuhusu nchi zinazoendelea. Amerika ya Kilatini haikungoja: ilikuwa na Mwongozo wake wa Bogotá tangu 2001.

Nchi ndogo nayo ina balaa lake, kwani kampuni moja yaweza kuyumbisha takwimu za taifa zima. Mwaka 2009 matumizi ya utafiti nchini Finland yalipita asilimia 3.7 ya pato la taifa, na sehemu kubwa ilitoka kwa Nokia. Biashara yake ya simu ilipoporomoka na kuuzwa kwa Microsoft, kiwango hicho kikashuka, na kufikia 2015 kilikuwa chini ya asilimia 3. Je, Wafini walikuwa wamepungukiwa akili?

Afrika ilianza kujipima kwa pamoja mwaka 2007, kupitia mpango wa viashiria vya sayansi uitwao ASTII. Nchi 19 zilishiriki awamu ya kwanza, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo. Miongozo iliyotumika ni ile ile ya Frascati na Oslo.

Je, miongozo hiyo ingemwona fundi mdogo wa Afrika? Tutazame mfano wa jiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, jiko la mkaa la Thailand, lenye udongo wa kuchoma ndani, lilifika Kenya. Lilivyokuja halikufaa: udongo ulipasuka na kuchomoka kwenye bati. Wahandisi, wafinyanzi na mafundi wa jua kali wakalibadilisha kidogo kidogo, wakalibana kiunoni ili udongo ukae juu tu, penye moto. Likapunguza sana matumizi ya mkaa. Halikufungwa na hataza, kwa hiyo fundi wa Shauri Moyo, Nairobi, alilitazama la jirani, akapima, akakata bati, akauza lake. Likavuka mipaka hadi Tanzania, Uganda na Ethiopia. Kwa kipimo cha Oslo, kila fundi aliyeanza kulitengeneza alikuwa mbunifu.

Lakini hakuna dodoso ambalo lingemfikia. Tafiti za Ulaya zilizofuata Oslo zilikuja kuanzia kwenye kampuni zenye wafanyakazi 10, na nchi nyingi zikaiga mpaka huo. Sababu inaeleweka: orodha za biashara ndogo ni mbovu, na kuwahoji wenyewe ni gharama. Toleo la nne la Mwongozo wa Oslo, la mwaka 2018, limepanua maana ya ubunifu hadi serikalini na majumbani. Kwa kulinganisha nchi na nchi, bado linapendekeza tafiti zianzie kwenye kampuni za watu 10.