Kutoka Matuta ya Mlalo hadi Maji ya Sigi: Historia ya Ushiriki wa Wananchi katika Usanifu wa Teknolojia za Ardhi Milimani Usambara, 1902–2024

1.0 Utangulizi

Mto Sigi, ambao katika nyaraka nyingi huandikwa pia Zigi, huanzia katika misitu ya Amani, Usambara Mashariki, na kuteremka hadi Bahari ya Hindi kaskazini mwa jiji la Tanga. Kabla ya kufika baharini, maji yake huzuiwa katika bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, na kutoka hapo hupelekwa mjini. Kwa sababu hiyo, namna mkulima wa mlimani anavyolima mteremko wake ni jambo linalomhusu pia mkazi wa Ngamiani anayefungua bomba asubuhi. Udongo unaoporomoka juu huishia bwawani, na gharama ya kuusafisha humfikia mlaji wa mwisho.

Kwa zaidi ya karne moja, serikali, watafiti na wafadhili wamependekeza teknolojia za kuilinda ardhi ya Usambara: mbegu, matuta, makinga maji, miti na mikataba ya uhifadhi. Katika miongo ya karibuni, sera za maendeleo zimeongeza sharti kwamba wananchi washirikishwe katika kuzisanifu. Makala haya yanachunguza maana ya sharti hilo kihistoria. Hoja yake ya msingi ni kwamba ushiriki hauwezi kupimwa kwa idadi ya mikutano wala ya wanachama. Hupimwa kwa maswali matatu: nani alilitaja tatizo, nani alikuwa na uwezo wa kuibadili au kuikataa teknolojia, na nani alibeba gharama huku nani akipata faida. Mifano inatoka pande zote mbili za bonde la Lwengera, yaani Usambara Magharibi yenye makao yake Lushoto, na Usambara Mashariki ambako Sigi ipo.

2.0 Amani na Reli ya Sigi: Maarifa Yaliyompita Mkulima

Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha Amani taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo. Lengo lake kuu lilikuwa kutafuta mazao yenye faida kwa mashamba makubwa ya walowezi. Miaka michache baadaye ilijengwa reli nyembamba ya takriban kilomita 23 kutoka Tengeni, kwenye njia kuu ya reli ya Usambara, hadi Sigi, nayo ikakamilika mwaka 1910. Kazi yake kubwa ilikuwa kusafirisha mbao. Nyumba ya msimamizi wa stesheni ya Sigi bado ipo, na leo hutumika kuwapokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani.

Chini ya Waingereza, kituo cha Amani kilifufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na kutoa kazi yenye manufaa makubwa. H. H. Storey na R. F. W. Nichols walitafiti ugonjwa wa batobato katika muhogo, wakachavusha muhogo wa kawaida na mpira wa Ceara ili kupata aina zinazostahimili ugonjwa huo. Mwaka 1936 Storey alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa mwingine wa zao hilo, unaojulikana leo kama michirizi ya kahawia. Vizazi vya muhogo wa Amani baadaye viliingia katika utafiti wa Ibadan, Nigeria, na kuwafaa wakulima wengi wa Afrika.

Hata hivyo, katika mfumo huu mkulima alikuwa mpokeaji wa mwisho. Tatizo lilitajwa na mtaalamu, majaribio yalifanyika katika shamba la kituo, na matokeo yakateremshwa. Mfumo wa namna hiyo unaweza kuleta matunda pale teknolojia inapokuwa kipando kinachotoshea katika shamba lililopo bila kubadili mpangilio wa kazi. Mkulima aliyepewa kipando cha muhogo aliweza kukijaribu pembeni na kukiacha kisipomridhisha. Mambo yalikuwa tofauti kabisa pale teknolojia ilipodai ardhi na jasho lake.

3.0 Matuta ya Mlalo: Teknolojia kwa Amri

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa kurekebisha ardhi katika bonde la Mlalo, wilayani Lushoto. Baadaye masharti yake yalienezwa sehemu nyingine za Usambara. Wakulima walitakiwa kuchimba matuta katika miteremko, kuacha kulima sehemu zenye mwinuko mkali na kufuata kanuni za malisho. Aliyekaidi alishitakiwa na kutozwa faini.

Kwa macho ya ofisa wa kilimo, upinzani uliofuata ulikuwa ukaidi wa watu wasioelewa manufaa yao. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wanafikra wakulima wa Usambara, ameonyesha kwamba tafsiri hiyo haikuwa sahihi. Wasambaa walikuwa na lugha yao ya siku nyingi ya kujadili hali ya nchi. Walizungumza kuhusu *kuzifya shi*, yaani kuiponya nchi, na *kubana shi*, yaani kuiharibu. Uponyaji wa nchi ulihusu mvua na rutuba, lakini ulihusu pia uhalali wa mtawala na amani kati ya watu. Kwa mtazamo huo, amri ya matuta iliyotekelezwa na machifu waliokuwa watumishi wa serikali ya kikoloni ilikuwa yenyewe sehemu ya maradhi ya nchi.

Kulikuwa pia na hesabu ya kawaida ya kaya. Kazi ya kuchimba matuta iliwaelemea hasa wanawake, ambao ndio waliokuwa na jukumu kubwa la mashamba ya chakula. Kaya yenye eneo dogo ilipozuiwa kulima mteremko mkali haikuwa na mahali pengine pa kwenda, ilhali kaya yenye mashamba mengi iliweza kupumzisha moja bila kulala njaa. Kanuni iliyoandikwa sawa kwa wote iliwaangukia watu kwa uzito usiolingana. Hofu ya kupoteza ardhi na kugeuka vibarua haikuwa ya kubuni.

Upinzani huo uliipatia TANU, iliyoanzishwa mwaka 1954, wafuasi wengi milimani, kama ilivyokuwa Uluguru ambako ghasia za matuta zilitokea mwaka 1955. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mradi wa Usambara ulikuwa umeachwa. Kwa maswali matatu ya makala haya, jibu liko wazi: tatizo lilitajwa na ofisi, kukataa kulikuwa kosa la jinai, na gharama ilibebwa na wenye uwezo mdogo zaidi. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na tuta si chombo kibaya kwa asili yake. Kilichoshindikana ni teknolojia iliyosanifiwa bila kujua nani ataishika jembe.

4.0 Lushoto Baada ya Uhuru: Majani ya Ng'ombe na Chemchemi

Kumbukumbu ya matuta iliufanya uhifadhi wa udongo kuwa jambo zito kisiasa kwa miaka mingi. Mwaka 1981 ulianza mradi wa kudhibiti mmomonyoko na kuendeleza kilimo mseto, SECAP, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani kupitia shirika la GTZ. Mradi ulihimiza mistari ya kontua iliyopandwa majani ya malisho, vichaka na miti, pamoja na ufugaji wa ng'ombe wa maziwa ndani ya banda.

Mwanzoni mwitikio ulikuwa mdogo. Mistari ilichukua nafasi ya mazao, na faida yake haikuonekana katika msimu wa kwanza. Lakini kwa mkulima mwenye ng'ombe bandani, ukanda wa majani ya guatemala ulikuwa na maana tofauti: ulikuwa chakula cha mifugo kilicho karibu, na ng'ombe alirudisha samadi shambani. Asiye na ng'ombe alibaki na ukanda uliompunguzia mahindi. Hapa kuna funzo la usanifu ambalo halikuwamo katika mchoro wa mhandisi. Teknolojia ileile ilikuwa na faida au hasara kutegemea kitu kingine kilichokuwamo ndani ya kaya, na aliyekijua kitu hicho ni mwenye kaya.

Hatua iliyofuata ilikuja na mpango wa utafiti wa nyanda za juu za Afrika, AHI, ulioanza mwaka 1995 katika nchi kadhaa na kuitumia Lushoto kuwa moja ya maeneo yake. Katika kijiji cha Kwalei na vijiji jirani, watafiti waliwaomba wakulima wataje na kupanga matatizo yao kwa uzito. Watafiti walikuwa wamezoea kuanza na udongo, lakini wakulima walilipa uzito mkubwa suala la kupungua kwa maji katika chemchemi. Wengi walilihusisha na mikaratusi iliyopandwa karibu na vyanzo vya maji, miti ambayo hapo awali ilihimizwa kama maendeleo.

Mabadiliko hayo ya swali yalibadili pia teknolojia. Suala la mti gani upandwe wapi haliwezi kuamuliwa katika shamba la mtu mmoja, kwa kuwa mkaratusi wa huyu hunywa maji ya yule. Ilibidi wenye miti, watumiaji wa maji, viongozi wa vijiji na taasisi zenye ardhi wakae pamoja na kukubaliana kuhusu aina za miti na mipaka. Kilichosanifiwa kilikuwa mkataba wa kijamii kwa kiasi kilekile kilivyokuwa utaalamu wa misitu.

5.0 Msambu: Mti wa Msituni Kuingia Shambani

Usambara Mashariki ilipitia njia yake. Uvunaji wa magogo kwa viwanda ulisitishwa katika miaka ya 1980, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Wanavijiji walibaki na swali la kipato. Jibu mojawapo lilikuwa msambu, mti wa asili ambao mbegu zake zina mafuta mazito. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Unilever na washirika wake walianza kujenga soko la mbegu hizo, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliidhinisha mafuta yake kutumika katika vyakula.

Kuufanya msambu kuwa zao la shambani hakukuwa rahisi. Mbegu huweza kuchukua miezi mingi kuota. Kuna miti dume isiyozaa, nayo haitambuliki ingali michanga. Mti uliotokana na mbegu huhitaji miaka mingi kabla ya kutoa tunda. Watafiti walikuwa na mbinu ya kubandika vikonyo ili kufupisha muda na kuhakikisha jinsia ya mti. Wakusanyaji wa mbegu, kwa upande wao, walijua ni mti upi, katika bonde lipi, huzaa kwa wingi kila mwaka. Bila ujuzi huo, mbinu ya kubandika isingekuwa na kikonyo bora cha kubandikwa. Huu ni mfano wa karibu zaidi wa usanifu wa pamoja katika historia inayojadiliwa hapa.

Hata hivyo, ushiriki ulikuwa imara katika uchaguzi wa miti na dhaifu katika biashara. Soko lilitegemea mnunuzi mmoja mkubwa, na maamuzi ya mahitaji na bei yalifanyika mbali na Amani. Mkulima alisaidia kuisanifu miche lakini hakuisanifu bei, na mti unaosubiriwa kwa miaka mingi ni dhamana kubwa kuiweka mikononi mwa mtu mwingine.

6.0 Maji ya Sigi na Sera ya Mkoa

Suala hilohilo limerudi kupitia maji. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo eneo lake linahusisha Sigi, ilianzishwa mwaka 1991, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imezipa jumuiya za watumia maji nafasi rasmi. Katika bonde hili, wakulima wa juu wameunda umoja unaoitwa UWAMAKIZI, ambao umefanya kazi na mamlaka ya maji ya Tanga katika kuhifadhi vyanzo. Mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza hatifungani ya kijani ya Shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji, ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Hatifungani hiyo inaonyesha kwamba maji ya Sigi sasa yana thamani inayohesabika katika soko la mitaji. Mwekezaji anajua riba yake na tarehe ya malipo. Kwa haki ileile, mkulima anayeacha kulima ukingo wa mto, akaupanda miti na kusubiri, naye ni mwekezaji. Mtaji wake ni ardhi, kazi na msimu mmoja au miwili ya chakula. Sera ya maendeleo ya mkoa inayomwita katika siku ya kupanda miti, lakini si katika siku ya kukokotoa fidia na kuchagua kipimo cha mafanikio, inamrudisha katika nafasi ya Mlalo kwa maneno ya upole zaidi.

Maswali matatu yanaweza kugeuzwa kuwa taratibu. Kwanza, bajeti ya mradi itenge muda na fedha za kulitambua tatizo pamoja na wananchi kabla ya teknolojia kuchaguliwa, kama ilivyotokea Kwalei. Pili, kila teknolojia ianze kwa majaribio ambayo kaya inaweza kuyaacha bila adhabu, na sababu za walioacha ziandikwe kama matokeo ya utafiti. Tatu, gharama zihesabiwe kwa kutofautisha kaya yenye ng'ombe na isiyo naye, yenye ekari nyingi na yenye robo ekari, ya mwanamke peke yake na yenye nguvukazi, kisha watumiaji wa maji wa chini wachangie gharama hizo kwa mkataba unaojulikana.

7.0 Hitimisho

Historia ya Usambara inaonyesha kwamba tuta, ukanda wa majani, mche wa msambu na ukingo wa mto uliopandwa miti ni teknolojia zinazofanana kwa jambo moja: zote humtaka mtu wa mlimani atoe sehemu ya ardhi na kazi yake leo kwa faida ya kesho, na mara nyingi kwa faida ya watu wengine. Zilipokuja kwa amri, zilikataliwa. Zilipompa mkulima nafasi ya kulitaja tatizo na kuibadili mbinu, zilidumu zaidi, ingawa nafasi hiyo mara nyingi iliishia kwenye mpaka wa shamba na haikufika mezani pa bei na mikataba.

Wasambaa wa miaka ya 1940 walisema nchi haiponi pale anayeitibu hana uhalali kwa wanaoishi humo. Kwa bonde la Sigi leo, uhalali huo utategemea iwapo wakulima wa Amani watakuwapo mezani pale Tanga inapopanga nani alipe, alipe kiasi gani, na kwa muda gani.