Kikoa Kilipogeuka Kiwanja

Vijana wenzangu wapenda kalamu, kuna dili moja linazungumzwa sana vijiweni siku hizi. Eti ukitaka kutajirika bila jasho, nunua majina mafupi ya intaneti, yakalie kimya, ngoja tajiri aje akuangukie miguuni. Anayelihadithia dili hili huwa na mfano tayari mkononi: mwaka 2010 kampuni ya Facebook ilinunua herufi mbili tu, fb.com, kutoka kwa shirikisho la wakulima la Marekani, kwa dola milioni 8.5. Herufi mbili, bwana! Hapo kila msikilizaji huanza kujenga ghorofa kichwani.

Mimi sikatai kwamba fedha hizo zililipwa. Ninachotaka leo ni turudi nyuma kidogo tuulizane majina haya yalitoka wapi, nani aliyagawa na kwa bei gani. Maana kabla hujanunua kiwanja ni busara kuuliza kwanza nani alikipima.

Wataalamu wetu wa Kiswahili wanayaita majina haya majina ya vikoa. Msomaji, neno kikoa si la kompyuta. Wazee wa pwani walilitumia zamani sana: kula kikoa ni watu kula pamoja, kila mmoja akileta chakula siku ya zamu yake. Hakuna muuzaji, hakuna mnunuzi. Lishike neno hilo, kwa sababu hadithi yote ninayotaka kuieleza imelala ndani yake.

Kompyuta hazijuani kwa majina. Zinajuana kwa namba, na namba ndefu binadamu hazikumbuki. Katika miaka ya 1970, mtandao wa ARPANET, uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ulikuwa na orodha moja tu ya majina na namba zake. Orodha hiyo ilitunzwa Menlo Park, California, katika taasisi ya SRI, na kikundi kilichoongozwa na mama mmoja, Elizabeth Feinler. Ukitaka jina la kompyuta yako ulikuwa unawaarifu wao, wanakuandika, basi. Ilikuwa kama daftari la mjumbe wa nyumba kumi.

Lakini mtaa ukikua daftari moja halitoshi. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, akifanya kazi na Jon Postel katika taasisi iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Southern California, alibuni mpango mpya. Badala ya orodha moja, majina yaligawanywa kwa ngazi, kama barua inavyoandikwa nyumba, mtaa, mji, nchi. Huku juu kabisa waliweka mafungu machache: .com kwa wafanyabiashara, .edu kwa vyuo, .org kwa mashirika, na herufi mbili kwa kila nchi.

Huyu Jon Postel ndiye mzee wa mji katika hadithi hii. Alikuwa msomi mwenye ndevu ndefu, mpenda kuvaa ndala, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyetunza kumbukumbu za nani amepewa nini. Mwaka 1994 alitoa waraka uliosema kwamba wale waliokabidhiwa kusimamia mafungu ya juu ya majina, zikiwemo zile herufi za nchi, ni wadhamini tu. Kazi yao ni kuwatumikia watu. Mambo ya kudai haki na umiliki, alisema, hayana mahali pake hapa. Yaani kikoa, kwa maana ileile ya wazee wa pwani!

Na kweli, siku zile majina yaligawiwa bure. Jina la kwanza la .com, symbolics.com, lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985 na kampuni ya kompyuta ya Massachusetts. Mwaka ule mzima yalisajiliwa majina sita tu ya .com. Sita! Yote mengine yalikuwa wazi kama mbuga, na hakuna aliyekimbilia.

Mbio zilianza pale watu wa kawaida walipoingia mtandaoni, miaka ya mwanzo ya 1990. Mwaka 1994 mwandishi wa habari Joshua Quittner aligundua kwamba jina mcdonalds.com halijachukuliwa na mtu. Akalisajili yeye, kisha akaandika katika jarida la Wired kuonyesha jinsi makampuni makubwa yalivyolala usingizi. Baadaye alilirudisha, na kampuni ile ya chakula ikachangia vifaa vya kompyuta kwa shule moja ya Brooklyn. Yeye alifanya kwa utani wa kiandishi, lakini wengine waliosoma makala ile hawakuwa na utani hata chembe.

Septemba 1995 ugawaji wa bure ulikoma. Kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa imepewa kazi ya kusajili, iliruhusiwa kutoza dola 100 kwa miaka miwili ya kwanza, halafu dola 50 kila mwaka. Kitu kikishatozwa ada kila mwaka, watu huanza kukiona kama kiwanja chenye kodi, na penye kiwanja hapakosi mlanguzi. Neno mlanguzi sisi Watanzania hatuhitaji kufafanuliwa, tuliokuwepo tuliiona kampeni ya mwaka 1983 ya kuwasaka waliofungia sabuni na sukari ghalani, na waliozaliwa baadaye walihadithiwa. Jina business.com lilinunuliwa kwa dola 150,000 mwaka 1997. Mwaka 1999 liliuzwa kwa dola milioni 7.5. Katikati hapo hapakuwa na sabuni wala sukari. Lilikuwa neno moja la kamusi.

Swali likabaki: jina ni mali, au si mali? Jibu lilikuja kwa njia ya kesi ambayo jina lake nawaomba radhi wazee. Mwaka 1994 kijana mmoja aitwaye Gary Kremen alisajili sex.com, bure, kama ilivyokuwa desturi. Mwaka uliofuata tapeli aitwaye Stephen Cohen alipeleka kwa msajili barua ya kughushi, na msajili akamhamishia jina bila hata kumuuliza mwenyewe. Kremen alipigana mahakamani miaka mingi. Mwaka 2001 mahakama iliamuru Cohen alipe dola milioni 65, lakini Cohen alishakimbilia Mexico. Kremen akamgeukia msajili. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikasema hivi: mkataba baina ya Kremen na msajili haukuwepo, kwa sababu Kremen hakulipa hata senti. Hata hivyo, jina ni mali yake, na anayegawa mali ya mtu ovyo anaweza kuwajibishwa.

Soma tena hapo, msomaji. Kitu kilichotolewa bure kwa moyo wa ushirika, miaka tisa baadaye kimekuwa mali mbele ya sheria. Simlaumu Kremen, aliibiwa na alistahili haki yake. Lakini siku ile kikoa kiligeuka kiwanja rasmi, chenye mwenyewe.

Postel hakuiona siku hiyo. Alifariki tarehe 16 Oktoba 1998, wiki chache tu baada ya kuundwa ICANN, shirika lililorithi kazi zake. Mwaka 1999 ICANN iliweka utaratibu wa kuwanyang'anya wale wanaosajili jina la biashara ya mtu mwingine kwa nia mbaya ya kumkamua. Walanguzi wakaelewa somo: ukishika jina la kampuni utapokonywa. Basi wengi wakaelekeza macho kwenye maneno ya kawaida na herufi chache ambazo hakuna awezaye kuzidai peke yake. Ndipo ufupi ukawa dhahabu.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Herufi za Kiingereza ni 26. Majina ya herufi mbili ni 26 mara 26, yaani 676. Ya herufi tatu ni 17,576. Ya herufi nne ni 456,976. Hayazidi hapo hata ukilia. Yale ya herufi moja Postel aliyafungia mwaka 1993, na katika .com yakawa yamepona matatu tu yaliyokwisha kuchukuliwa: q, x na z. Hilo z.com kampuni ya magari ya Nissan iliiuzia kampuni ya Kijapani ya GMO mwaka 2014, kwa bei ya karibu dola milioni 6.8. Yale ya herufi tatu yalikwisha yote kabla miaka ya 1990 haijamalizika. Ya herufi nne yalikwisha mwaka 2007.

Sasa, ndugu yangu, hapa ndipo donge linaponikaba. Angalia miaka hiyo, kisha jiulize sisi tulikuwa wapi. Majina yalipokuwa bure, mwaka 1985 hadi 1995, kwetu simu ya mezani yenyewe ilikuwa kitu cha kuombea na kusubiri. Herufi za Kenya, .ke, ziliandikishwa mwaka 1993. Zetu, .tz, mwaka 1995, mwaka uleule mlango wa bure ulipofungwa. Tulipofika na hamu zetu, na bila kadi za benki za kulipia ng'ambo, mipaka ilishachorwa na bikoni zimeshapandwa. Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Lakini mtu hawezi kuitwa mchelewaji wa karamu ambayo mwaliko wake haukufika kwao. Hakuna aliyetuibia. Kitu kiligawiwa bure kwa waliokuwepo, nasi hatukuwepo, halafu kikawekewa bei.

Zipo nchi ndogo zilizofaidika kwa bahati ya herufi. Tuvalu, visiwa vya Pasifiki vyenye watu wapatao 11,000, vilipewa .tv. Mwaka 2000 serikali yake ilikubali kuikodisha kwa mkataba wa dola milioni 50 za kulipwa kwa miaka, na mwaka huohuo Tuvalu ikajiunga na Umoja wa Mataifa, gharama zikitoka humohumo. Anguilla, kisiwa cha Karibea, kilipewa .ai. Akili za kompyuta zilipopata umaarufu, mwaka 2023 herufi hizo ziliiingizia serikali kama dola milioni 32, zaidi ya sehemu moja ya tano ya mapato yake. Hapo fedha imeingia mfuko wa umma, na mimi nasema heri yao.

Lakini kuna .io, iliyoandikishwa mwaka 1997 kwa ajili ya visiwa vya Chagos, jirani zetu wa Bahari ya Hindi. Wenyeji wa visiwa hivyo waliondolewa na Waingereza kati ya 1968 na 1973 ili kupisha kambi ya jeshi la Marekani ya Diego Garcia. Herufi zao zikawa za fasheni kwa makampuni ya kompyuta duniani, na wao wako Mauritius, Shelisheli na Uingereza, wakidai fungu lao. Jina limebaki na biashara inakwenda. Watu wenye jina hawapo.

Narudi kwa mshikaji wangu mwenye dili. Yaliyobaki leo sokoni kwa bei ya kawaida si fb.com. Ni mabaki ya mabaki. Kila jina la .com linataka kama dola 10 au zaidi kila mwaka, kwa hiyo mwenye majina 300 anadaiwa dola 3,000 kila mwaka, auze asiuze. Na bei hupanda na kushuka kwa upepo. Mwishoni mwa 2015 wanunuzi wa China walivamia majina mafupi, hasa yale yasiyo na a, e, i, o, u wala v, kwa kuwa yaliweza kusomwa kama vifupisho vya maneno ya Kichina. Bei zikaruka. Mwaka 2016 zikaporomoka, na walioingia mwisho wakabaki na herufi zao mikononi. Tunaosikia habari zao ni waliouza. Waliokalia majina mpaka yakawafia hawahadithiwi kijiweni.

Mimi si adui wa mtu kutafuta riziki. Anayetaka kujaribu na ajaribu, kwa fedha asiyoililia. Ila sisi waandishi tuna hoja yetu ya pekee, kwa sababu majina ndiyo malighafi yetu. Ukilichukua neno la Kiswahili, tuseme jina la mji, la samaki au la ngoma, ukalisajili na kulifungia ghalani miaka 20 ukingoja mnunuzi, umefanya nini cha tofauti na yule wa sukari ya 1983? Na kijana wa Tanga atakayetaka kuanzisha jarida kwa jina hilo atakukuta wewe mlangoni, kama sisi tulivyowakuta wengine.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Chukua jina moja la .tz au la kwenu ulipo, refu au fupi, alimradi linatamkika. Kisha liandikie. Tia humo hadithi, mashairi, historia ya mtaa wenu, mahojiano na bibi yako. Fungua mlango na wengine walete chao kwa zamu. Huko ndiko kula kikoa, na chakula bado hakijapikwa cha kutosha.