Kipaimara na Miche ya Miti

Nilipopata kipaimara tulipimwa kwa ulimi. Mwinjilisti alituita mmoja mmoja mbele ya wazee wa kanisa, tukaulizwa Amri ya Saba na maana yake, na aliyekwama alirudishwa kungoja mwaka mwingine. Hakuna aliyetuuliza tunaishije na majirani zetu. Ndiyo maana nilistaajabu mjukuu wangu aliporudi kutoka darasa la kipaimara akaomba jembe. Wameambiwa hakuna kipaimara bila kupanda miti.

Jambo hili lilisukumwa sana na Fredrick Shoo, aliyeanza kuwa Askofu wa Dayosisi ya Kaskazini mwaka 2014, aliyechaguliwa pia kuwa Mkuu wa KKKT mwaka 2015. Watu walimpa jina la Askofu wa Miti. Wapo walionung'unika: miti na Injili, wapi na wapi? Lakini anayeijua historia ya sharika za mlimani atakumbuka kwamba kipaimara kiliwahi kutoka nje ya katekisimu zamani.

Mmisionari Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig alikuja Kilimanjaro mwaka 1902. Ukiondoa miaka ile baada ya vita, Waingereza walipowaondoa Wajerumani mwaka 1920, alikaa nasi hadi 1938, kwa sehemu kubwa Kidia, Old Moshi. Aliwasikiliza wazee, na kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachagga kikatoka mwaka 1926. Aliona kwamba Mchagga hasimami peke yake. Ana ukoo, ana wenzake wa rika, ana majirani anaogawana nao maji ya mfongo, yaani mfereji unaoteremsha maji kutoka mtoni hadi vihambani. Maji hugawanywa kwa zamu, na asiyetokea siku ya kuzibua mfongo ana la kujibu. Basi Gutmann hakutaka kumng'oa mwongofu katika vifungo hivyo. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha kwa mfano wa undugu wa ngao wa zamani, wasaidiane katika kazi, ugonjwa na majaribu.

Simfanyi mtakatifu. Aliogopa mno fedha na mambo ya mjini, wakati Wakristo wenyewe walikwisha kuiona haki yao mahali pengine. Kahawa ililetwa Kilema na mapadri wa Roho Mtakatifu mwishoni mwa karne ya 19, na walowezi hawakupenda mwenyeji ailime. Mwaka 1925 wakulima wakaanzisha chama chao, KNPA, wakiongozwa na Joseph Merinyo wa Old Moshi. Mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU. Haki ikadaiwa kwa mizani na daftari. Kahawa hiyo ilijenga madarasa, ikanisomesha na mimi, kwa hiyo sina ulimi wa kuilaani.

Ila hofu ya mzee yule haikuwa ya bure. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na wengi wakang'oa mibuni. Miti iliyoipa kivuli ikaenda kwenye misumeno. Nami nilikuwa na mringaringa mkubwa mpakani. Niliuuza mbao nikalipa ada ya sekondari. Jirani yangu wa upande wa chini alikuja jioni, akautazama mwanga ulioingia kwenye migomba yake, akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamjibu kwamba mti ni wangu. Jibu lilikuwa sahihi kisheria. Tangu siku ile tukasalimiana kama watu wanaokutana stendi ya Moshi, na kila Jumapili tulishiriki meza moja ya Bwana.

Kijana aliponiuliza apande wapi, nilimwonyesha kile kisiki. Kisha nikamzuia. Nilikata jani la isale, lile ambalo kwetu mtu hulipeleka kuomba msamaha, na aliyeletewa hana njia rahisi ya kulikataa. Nikamwambia alipeleke kwa babu yake wa kule chini, amwambie limetoka kwangu, amwulize kama tunaweza kupanda mpakani.

Alikawia sana. Nilikwisha kuyamwagia maji yale matundu ya miche nilipowaona wanapanda wote wawili kupitia migombani, mzee amebeba jembe lake mwenyewe.