Zimetoka ngapi?

Wadau, roommate wangu anataka nitie nusu ya bumu kwenye sarafu za "toleo maalumu". Eti zitapanda bei. Nikamsimulia habari ya bunduki.

Bastola za Colt Walker, mwaka 1847, zilitengenezwa kama 1,100 tu, nyingi kwa jeshi la Marekani, na kuna zilizopasukia mikononi mwa askari. Mwaka 2008 moja iliuzwa mnadani dola 920,000. Mwaka 2018 nyingine ikafika milioni 1.84. Si mchezo!

Sasa mwaka 1966 Winchester wakatoa bunduki ya kuadhimisha miaka 100. Watu wakaifungia kwenye boksi, hawajafyatua hata risasi moja, wanasubiri utajiri. Kumbe zilitoka zaidi ya 100,000, na karibu kila mtu kaitunza! Uadimu utoke wapi? Wengi waliambulia hasara.

Ile Colt ambayo Pat Garrett alimuulia Billy the Kid mwaka 1881 ndiyo kesi nyingine kabisa. Mwaka 2021 ilipita dola milioni 6. Hapo, mimi naona, mtu amenunua marehemu, siyo chuma.

Jamaa kasikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza, hizo sarafu zako zimetoka ngapi? Mpaka saa hizi hajanijibu, na bumu bado liko mfukoni.