Mabua ya Migomba na Ndimi za Wanawake

Ngumi zilipigwa marufuku Zanzibar tangu zama za Mzee Abeid Amani Karume, na marufuku hiyo ikadumu karibu miongo sita mpaka Rais Hussein Ali Mwinyi alipoiondoa. Kijana wa Unguja aliyetaka kuvaa glovu ilimbidi apande boti avuke Dar es Salaam. Muda wote huo, kila ikifika Julai, katika Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, wanaume wa kwetu Makunduchi walikuwa wakitandikana kwa mabua ya migomba hadharani, mchana kweupe, masheha wapo, polisi wapo, waheshimiwa wamekaa jukwaani, na hapana aliyewauliza kitu. Ngumi ya mtu na mtu ilionekana shari, vita vya upande na upande vikaitwa sherehe. Mimi mzaliwa wa huko, dada wa wanaume ambao wote wameshaingia uwanjani, sioni kama kulikuwa na kigeugeu hapo. Masumbwi yalikuwa yanatafuta mshindi. Mwaka Kogwa haujawahi kuwa na mshindi.

Wazee husema desturi hii ililetwa na Washirazi kutoka Uajemi. Jina lake jingine, Nairuzi, ni la Kiajemi kweli, na hesabu yake ni ya jua: siku 365, miongo 36 ya siku kumi kumi, zikibaki tano za kufungia. Mkulima alijua mwongo wa kupanda, nahodha alijua mwongo wa kungoja kusi. Kwa kuwa haina mwaka mrefu, kila miaka minne siku hurudi nyuma moja, na karne moja hula siku 25 hivi. Hesabu hiyo naikubali kuwa ilivuka bahari. Lakini mvyale anayesema na mzimu, kibanda cha makuti kinachotiwa moto na mtu akachomoka ndani mbio, macho ya watu yakifuata moshi unaelekea wapi, hayo siamini kwamba yalishushwa jahazini. Yalikuwa hapa hapa, yakingoja mgeni wa kuyapa nasaba. Na nasaba ya Kishirazi kwetu haikuwa jambo dogo, hasa katika siasa za miaka ya 1950, wakati mtu alipoulizwa kabila lake kabla hajaulizwa shida yake.

Zamani Siku ya Mwaka haikuwa ya Makunduchi peke yake. Ilisherehekewa pwani nzima. Mombasa walizungusha ng'ombe mji mzima kabla ya kumchinja. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili kilichochapwa 1870, anaeleza kwamba watu walioga baharini, wakazima moto wa zamani, na kwamba hapo kale magomvi yaliyolala yaliamshwa siku hiyo yakamalizwa, na mauaji yake hayakuchunguzwa. Nikiyasoma hayo ndipo ninapoliheshimu bua la mgomba. Nadhani mchezo wetu haukuanza kama mchezo. Ulikuwa kisasi, ukanyang'anywa kisu.

Na bua ni silaha ya kuchekesha. Hukatwa asubuhi hiyo hiyo, likiwa limejaa maji, zito kuliko linavyoonekana. Pigo la kwanza hulia kama mkeka unaokung'utwa. La tatu au la nne, bua linapasuka, linabaki nyuzinyuzi mkononi, na mpiganaji inabidi atafute jingine huku mwenzake naye anatafuta lake. Wanasimama hivyo, wawili wenye hasira, wote wanahangaika na majani. Hasira inapoa pale. Mwili huvimba, mgongo huwa na michirizi, lakini kinachodumu ni utomvu. Doa la mgomba halitoki kwa sabuni yoyote. Kaka yangu mkubwa alikuwa na fulana moja ya Mwaka, imekuwa ya kahawia mabegani, na mama alikataa kuifanya tambara. Kwa kijana aliyetoka jandoni, fulana hiyo ilisema kwamba hasimami tena upande wa kina mama.

Upande wa kina mama, lakini, ndiko mambo yaliko. Wanaume hupambana kusini na kaskazini. Wanawake huuzunguka uwanja na kanga zao mpya, wamejipamba, wanaimba. Kinachoimbwa hakisemeki siku nyingine. Mapenzi ya siri, ubahili, deni la mahari, kitambi, woga: vyote vinatoka, na jina la mtu likitiwa ndani ya wimbo hana pa kulitolea. Nimemwona mwanamume aliyepokea mabua bila kupepesa macho akiinamisha kichwa kwa ubeti mmoja wa jirani yake.

Shangazi yangu alikuwa mtunzi wa namna hiyo. Mwani ulikuwa umeanza kulimwa pwani yetu ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, Paje na Jambiani kwanza, na waliouingilia zaidi ni wanawake. Kwa mara ya kwanza mke alikuwa na fedha isiyopita mkononi mwa mume. Basi mwaka mmoja shangazi akamtia wimboni jamaa wa mtaani aliyekuwa akitamba kwa misuli. Wimbo ulimuuliza kwa hayo mabua anapigania nini, ilhali mchele wa karamu umenunuliwa na mwani wa mkewe, na fulana aliyovaa pia. Uwanja mzima ulicheka, mkewe akiwamo. Yule bwana aliendelea kupigana, tena kwa nguvu zaidi, na hapo nikafahamu uanaume wa Mwaka unapimwa na nani. Adui wa kaskazini anakupa tu nafasi ya kuonekana. Hukumu iko kwa wanaoimba.

Ngoma ya kirumbizi nayo ina mipaka kama ya Mwaka: bakora mbili, zumari, duara la watu, mmoja anapiga, mwenziwe anakinga, kisha wanapeana nafasi. Asiye na adabu hutolewa. Mipaka hii ndiyo iliyokosekana Zanzibar Juni 1961, siku za uchaguzi. Vijana waliokuwa wakijipanga kwa vyama walitoka na mapanga na marungu, hapakuwa na mzee wa kuingia kati, na watu 68 wakauawa. Wengi wa waliotoka hivyo, sina shaka, walijiona wanaume. Lakini hakuna dada yao aliyekuwa na haki ya kuwacheka, na mtu asiyechekeka akishika silaha huwa hana pa kusimama.

Siku hizi wapiganaji wengine huja na makoti mazito na kofia za pikipiki, na mmoja kati ya kila kundi yuko nyuma anapiga video. Watalii hupewa sehemu ya kusimama. Sina ugomvi nao sana; imani yetu ni kwamba nyumba isiyo na mgeni siku ya Mwaka haina heri. Kinachonikera ni spika. Muziki wa kukodi ukifunguliwa mapema, nyimbo za wanawake hazisikiki, na ukiziondoa hizo kinachobaki ni wanaume wanaopigana na migomba.

Mpwa wangu anafanya mazoezi ya masumbwi mjini tangu yaliporuhusiwa. Mwaka jana alimwambia kaka kwamba mambo ya shamba ni maigizo, hakuna raundi, hakuna refa, hakuna pointi. Kaka alinuna siku nzima. Shangazi, ambaye sasa haoni vizuri lakini masikio yako sawa, alimuuliza tu: "Mwanangu, ukipigwa ulingoni, nani anakuimba?" Mpwa akacheka, akasema Julai atakuja na wenzake wa mazoezi wajaribu. Wazee wa Makunduchi wameshapata habari, na wanabishana wageni hao watiwe kusini au kaskazini.