Malaika: Wimbo Mmoja, Mikono Mingi

Ikifika siku ya arusi katika parokia zetu za Lubumbashi, misa ikiisha na watu wakiisha kuketi kula, ni shida usisikie wimbo wa Malaika. Wazee waujua, watoto waujua, na bibi arusi akiusikia huinamisha kichwa. Lakini ukiuliza ni nani aliyeutunga, na ulitengenezwa namna gani hata ukawa hivi, kila mtu hujibu lake. Wengine husema ni wimbo wa Miriam Makeba. Waliokuwa vijana katika miaka ya 1980 husema ni wa Boney M. Hao wote waliupokea tu, ulikuwa umekwisha kuzaliwa. Basi leo twataka kusimulia habari yake, na tutaanzia hapa kwetu Katanga, maana magita yaliyosikiwa Nairobi siku zile yalijifunza mengi kutoka kwetu.

Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alikuwa akizunguka nchi za Afrika na mashine yake ya kunasa sauti. Huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, alimkuta njiani kijana akipiga gita. Ndiye Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Hapakuwa na studio wala chumba cha kuzuia kelele. Bosco alipiga wimbo wake Masanga, mashine ikaunasa, ukatolewa kwa santuri, na mwaka ule ule ukapewa tuzo. Wengi waliousikia walidhani ni watu wawili wanaopiga. Kumbe ni mtu mmoja: kidole gumba chashika nyuzi nene, na kidole cha shahada chachukua sauti ya juu, kila kimoja kikienda mwendo wake.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Santuri za siku zile zilichukua kama dakika tatu tu kila upande. Lakini wimbo wa gita uani hauna dakika. Watu wakipenda, mpigaji hurudia, huongeza, hugeuza, hata usiku uishe. Bosco mwenyewe hakupiga kama mtu anayesoma kitabu. Mtaalamu David Rycroft, alipoziandika nota za gita lake mwanzoni mwa miaka ya 1960, alionyesha jinsi alivyokuwa akigeuza-geuza sauti kila anaporudi. Santuri hunasa siku moja tu katika maisha ya wimbo, na sisi tunaonunua hudhani siku hiyo moja ndiyo wimbo wenyewe.

Baadaye mfanya biashara wa Nairobi, Peter Colmore, aliwaita Bosco na nduguye Edouard Masengo waende kule kupiga na kuimba. Masengo alikuwa mtu wa Jecoke, kikundi cha vijana wa mtaa wa Kenya hapa mjini. Basi akatoka Kenya ya Lubumbashi akaenda Kenya ya Nairobi. Walisikiwa sana, hata matangazo ya biashara waliimba, na vijana wa kule wakajifunza kwa masikio namna ya vidole vya Katanga. Hatusemi kwamba Malaika ulitoka kwetu. Twasema tu kwamba masikio ya Nairobi yalikuwa yamekwisha kuzoea gita linalosema pamoja na mwimbaji.

Kati ya vijana hao alikuwako Fadhili William, mtu wa Taita, aliyezaliwa mwaka 1938. Yeye na kikundi chake, Black Shadows, ndio wa kwanza kuutia Malaika katika santuri, karibu na mwaka 1960. Kisha wimbo ukapigwa upya katika studio ya Equator, ya Mwingereza Charles Worrod. Studio hiyo ilikuwa na kikundi chake cha wapigaji. Humo walikuwamo Fadhili na Daudi Kabaka, na pia Nashil Pichen na Peter Tsotsi, watu wa Zambia, jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka.

Kupiga wimbo studio siku zile hakukuwa kama leo, ambapo kila mtu huingia peke yake na makosa yake hufutwa. Mikrofoni zilikuwa chache. Wote walipiga pamoja, na mmoja akikosea wote hurudia. Ndiyo maana ilikuwa lazima wapatane kwanza: nani aanze, gita linyamaze wapi ili sauti ipite, ubeti upi ubaki na upi uachwe, kwa kuwa dakika hazitoshi. Katika Malaika walichagua mwendo wa polepole, na kwa maoni yetu hapo ndipo wimbo ulipopata nguvu yake. Kijana anayesema hana kitu cha kuolea hawezi kusema mbio.

Na neno lile mali, lililomo ndani ya wimbo, sisi wa Katanga twalisikia kwa sikio letu. Kwetu mali ni yale yanayopelekwa kwa wazazi wa msichana, yale ambayo Waswahili wa pwani huyaita mahari. Ni vijana wangapi katika parokia zetu wanaokaa bila sakramenti ya ndoa kwa sababu mali haijatimia? Wao hawahitaji kufasiriwa wimbo huu.

Lakini umetoka kwa nani? Fadhili alisema ni wake. Mtanzania Adam Salim alisema yeye ndiye aliyeutunga, mwaka 1945, kwa ajili ya msichana aliyempenda ambaye aliolewa na mtu mwenye mali. Wengine humtaja Grant Charo. Ugomvi huu si wa sifa tu, ni wa fedha, maana jina linaloandikwa juu ya santuri ndilo linalolipwa. Kazi ya vidole, ya kuchagua mwendo na kupunguza beti, haikuandikiwa jina.

Wimbo ukaendelea kusafiri. Mwaka 1965 Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte huko Marekani, na dunia ikaujua, ingawa Kiswahili hakikuwa lugha yake wala ya Belafonte, na msikilizaji wa huku hugundua hapa na pale. Mwaka 1981 ukafika Ujerumani mikononi mwa Frank Farian, mtengenezaji wa Boney M. Huyo bwana alizoea kuimba mwenyewe studio sauti za kiume, ambazo watu walidhani ni za yule mcheza ngoma mbele yao. Malaika akavalishwa mdundo wa disko. Vijana walifurahi, sisi twakiri kwamba tulicheza nao, lakini yule kijana asiye na kitu hatukumsikia tena humo.

Bosco alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990, Fadhili akafariki mwaka 2001. Kwenye arusi ya juzi kijana mmoja wa kwaya aliuimba Malaika kwa gita moja tu, polepole, akaongeza ubeti wake mwenyewe katika Kiswahili cha Lubumbashi, kuhusu mjomba wa bibi arusi aliyekataa mbuzi mwembamba. Watu walicheka sana, na mjomba pia. Hakuna aliyekuwa na mashine ya kuunasa.