Mkono Juu ya Kichwa

Mwezi Machi 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alipendekeza watoto wachelewe kidogo kuanza shule ya msingi. Sababu zake zilikuwa mbili: mtoto aliyekomaa hujifunza kwa wepesi zaidi, na amalizapo huwa amefikia umri wa kushiriki kazi za jamii. Shule za sekondari zilikuwa chache. Aliyemaliza akiwa mdogo mno hakuwa na pa kwenda, na jembe lilimlemea.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto aliyetimiza miaka 7. Lakini vijijini ni wangapi waliokuwa na cheti cha kuzaliwa? Basi kipimo kikawa mkono. Mtoto aliupitisha juu ya kichwa. Akigusa sikio la upande wa pili, ameiva. Mimi niligusa nywele tu, nikarudishwa nyumbani nikilia, hali mwenzangu wa rika moja, mwenye mikono mirefu, alipokelewa. Kipimo hicho kilipima mifupa, si akili. Tena mtoto aliyekosa chakula hukawia kurefuka. Njaa iliyomnyima afya ikamnyima na darasa.

Hata hivyo nakiri kwamba, nilipoanza mwaka uliofuata, silabi zilinijia upesi kuliko nilivyotazamia. Mwenzangu alimaliza darasa la saba kabla yangu. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, na shambani baba yake alimwona bado mtoto. Mwaka mzima alishinda barazani, akitusubiri tutoke shule.